Copernicus: Nyota inayofanana na Jua na sayari zake tano

KATIKA anga ya upande wa kaskazini, ndani ya buruji ambayo wanazuoni wa falaki wa Pwani huiita Saratani na wengine huijua kwa jina la Kaa, ipo nyota hafifu ambayo mtu asiyeelekezwa hawezi kuitambua. Haina mng'ao wa Zuhura wala wekundu wa Mirihi. Hata hivyo, nyota hiyo iitwayo 55 Cancri, na ambayo tangu mwaka 2015 inafahamika pia kwa jina rasmi la Copernicus, ina nafasi ya pekee katika historia ya elimu ya anga. Ndiyo nyota ya kwanza, ukiacha Jua letu, iliyopata kujulikana kwamba inazungukwa na sayari tano.

Habari za sayari hizo zilitangazwa moja baada ya nyingine kati ya mwaka 1996 na mwaka 2007. Tangu wakati huo zimezua furaha, ubishi na, mara kwa mara, vichwa vya habari vilivyoutangulia ushahidi. Imewahi kuandikwa katika magazeti ya dunia nzima kwamba mojawapo ya sayari hizo imejaa almasi. Imewahi pia kukubalika, kwa muda wa miaka sita, kwamba sayari hiyo hiyo huchukua siku karibu tatu kukamilisha mzunguko wake, ilhali haichukui hata siku moja.

Makala haya yanaeleza kile kinachofahamika kuhusu nyota ya Copernicus na sayari zake, na hasa namna binadamu alivyoweza kuvijua vitu ambavyo hajaviona kwa macho.

Mahali ilipo

Copernicus iko umbali wa takriban miaka 41 ya nuru kutoka kwetu. Mwaka mmoja wa nuru ni masafa ambayo nuru husafiri kwa mwaka mzima ikienda kwa kasi ya kilomita 300,000 kila sekunde, yaani karibu kilomita trilioni 9.5. Ukizidisha hesabu hiyo mara 41 unapata kilomita trilioni 388 hivi.

Tarakimu kama hizo hazimwambii mtu mengi, kwa hivyo ni bora kutumia kipimo kingine. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa na Marekani mwaka 1977, ndicho kilichofika mbali zaidi ya vyote vilivyowahi kuundwa na binadamu. Kinasafiri kwa kasi ya takriban kilomita 17 kila sekunde. Lau kingeelekezwa kwenye nyota hii, kingehitaji zaidi ya miaka 700,000 kufika.

Umbali huo una maana nyingine pia. Nuru tunayoipokea leo kutoka kwa nyota hiyo iliondoka huko miaka 41 iliyopita. Nuru iliyopimwa na wataalamu mwaka 1996 walipotangaza sayari ya kwanza ilikuwa imeanza safari yake mnamo 1955, Kenya ikiwa ingali koloni chini ya Hali ya Hatari. Ile iliyowafichulia sayari nyingine mwaka 2004 iliondoka huko takriban mwaka 1963, mwaka ambao nchi hii ilipata uhuru. Kuitazama nyota, kwa hivyo, ni sawa na kusoma barua iliyoandikwa zamani.

Mkenya anaweza kuiona bila darubini, lakini kwa taabu. Mwangaza wake umo karibu na mpaka wa uwezo wa jicho la binadamu, na taa za Nairobi au Mombasa huufuta kabisa. Atakayejaribu bahati yake na afanye hivyo mahali penye giza totoro, jioni za kati ya Februari na Aprili, akitazama juu upande wa kaskazini usiku usio na mbalamwezi. Darubini ndogo ya mkononi itamsaidia sana.

Namba 55 katika jina lake la awali inatokana na orodha ya nyota ya John Flamsteed, mwanafalaki Mwingereza aliyefariki mwaka 1719. Katika orodha hiyo, nyota za kila buruji hutambulishwa kwa namba.

Nyota yenyewe

Wataalamu huihesabu Copernicus miongoni mwa nyota zinazofanana na Jua, ingawa si pacha wake. Uzito wake ni takriban asilimia 90 ya uzito wa Jua, na upana wake ni asilimia 94 hivi. Joto la uso wake linakaribia nyuzi 4,900 za selisiasi, huku la Jua likiwa karibu nyuzi 5,500. Kwa sababu hiyo, rangi yake inaelekea kidogo kwenye uchungwa, na mwanga inaoutoa kwa jumla ni kama asilimia 60 tu ya ule wa Jua.

Vilevile ni kongwe. Jua letu lina umri wa takriban miaka bilioni 4.6, na makadirio mengi huipa Copernicus umri unaolizidi Jua kwa mabilioni ya miaka. Sayari zake, basi, zilikuwa tayari zinaizunguka Dunia yetu ilipokuwa bado haijaumbika.

Sifa nyingine inayowavutia wataalamu ni utajiri wake wa chuma na madini mengine mazito. Nyota nyingi zimeundwa karibu zote kwa hidrojeni na heli, huku elementi nyingine zikiwa chache mno. Katika Copernicus, kiwango cha chuma ni karibu maradufu ya kile cha Jua. Hili si jambo dogo. Sayari huumbika kutokana na vumbi na gesi vinavyoizunguka nyota changa, na pale palipo na madini mengi pana mawe mengi ya kujengea. Utafiti wa Debra Fischer na Jeff Valenti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba nyota zenye madini mengi ndizo zenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na sayari kubwa.

Aidha, Copernicus haiko peke yake. Ina mwenzake, nyota ndogo nyekundu yenye mwanga dhaifu, iliyo mbali nayo kwa zaidi ya mara 1,000 ya umbali kati ya Dunia na Jua. Sayari zote tano zinazojulikana zinaizunguka nyota kubwa.

Kuona kisichoonekana

Msomaji atauliza: ikiwa nyota yenyewe huonekana kwa taabu, sayari zake zilionekanaje? Jibu ni kwamba hazikuonekana. Sayari haina mwanga wake yenyewe, na ile nuru kidogo inayoirudisha humezwa na mng'ao wa nyota yake. Wataalamu walilazimika kuitafuta sayari kwa kuichunguza tabia ya nyota.

Sayari inapoizunguka nyota, nayo huivuta nyota hiyo kidogo. Nyota haitulii mahali pamoja bali huyumba, mara ikija upande wetu, mara ikirudi nyuma. Inapotujia, mawimbi ya nuru yake hubanwa na kuelekea kwenye rangi ya buluu. Inapotuacha, mawimbi hayo hunyooka na kuelekea kwenye wekundu. Ni jambo lile lile linalotokea kwa king'ora cha ambulensi barabarani: sauti huwa nyembamba gari likija na nzito likishakupita. Ala maalumu inayoichambua nuru ya nyota huweza kuyapima mabadiliko hayo na kuonyesha kasi ya kuyumba. Kutokana na kasi hiyo na muda unaopita kabla ya mwendo kujirudia, wataalamu hukokotoa uzito wa sayari na umbali wake.

Njia hiyo ndiyo waliyoitumia Michel Mayor na Didier Queloz wa Uswisi, ambao Oktoba 1995 walitangaza kuwa nyota iitwayo 51 Pegasi, inayofanana na Jua, ina sayari kubwa inayoizunguka kwa siku nne tu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa sayari ya nyota ya aina hiyo kuthibitishwa, na mwaka 2019 wawili hao walipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa ugunduzi huo.

Miezi michache baadaye, mwaka 1996, Wamarekani Paul Butler na Geoffrey Marcy, waliokuwa wakitumia darubini ya kituo cha Lick huko California, walitangaza sayari ya kwanza ya 55 Cancri. Sayari hiyo, ambayo uzito wake unakaribia ule wa Mshtarii, huifanya nyota iyumbe kwa kasi ya takriban mita 71 kila sekunde. Mwendo huo ni zaidi ya kilomita 250 kwa saa, na kwa wataalamu ulikuwa mkubwa na rahisi kupimwa.

Kazi haikuishia hapo. Sayari moja haikutosha kuueleza mwendo wote wa nyota hiyo, na kila mwaka uliopita ulidhihirisha kuwa kuna kitu kingine kinachoivuta. Mwaka 2002 zilitangazwa sayari mbili zaidi, mojawapo ikiwa mbali na nyota yake kama vile Mshtarii ulivyo mbali na Jua. Lilikuwa jambo geni, kwa kuwa sayari kubwa zilizogunduliwa kabla yake zilikuwa zimesongamana karibu na nyota zao.

Mwaka 2004, Barbara McArthur wa Chuo Kikuu cha Texas na wenzake walitangaza sayari ya nne, ndogo na iliyo karibu mno na nyota. Hatimaye, Novemba 2007, kundi lililoongozwa na Debra Fischer, wakati huo akiwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco, lilitangaza sayari ya tano baada ya nyota hiyo kufuatiliwa kwa miaka 18.

Rekodi hiyo ya sayari tano imekwisha kuvunjwa. Nyota iitwayo Kepler-90, nayo ikiwa ya jamii ya Jua, ilifikisha sayari nane Desemba 2017, sawa na idadi ya sayari za Jua letu. Kufikia Septemba 2025, sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wetu zilikuwa zimepita 6,000. Lakini Copernicus ndiyo iliyowafunza wataalamu namna ya kuzitenganisha sauti tano zinazoimba kwa pamoja.

Hesabu iliyosahihishwa

Sayari iliyotangazwa mwaka 2004 ina kisa chake. Waliokokotoa mzunguko wake wakati huo walipata siku 2.8. Hesabu ilikubalika, ikachapishwa na kurudiwa vitabuni. Kisha mwaka 2010 Rebekah Dawson na Daniel Fabrycky, waliokuwa Marekani, wakazichukua data zile zile na kuzipitia upya. Walionyesha kuwa muda halisi wa mzunguko ni siku 0.74, yaani takriban saa 17 na dakika 41.

Tofauti hiyo kubwa ilitokana na nini? Darubini za ardhini hufanya kazi usiku peke yake. Nyota hupimwa usiku wa leo, kisha usiku wa kesho, takriban saa ile ile. Tuchukue mfano wa mtu wa Lamu anayeshuka ufuoni mara moja tu kwa siku, kila siku saa sita mchana, ili kuyatazama maji. Leo atakuta yamejaa, baada ya wiki atakuta yametoka, na baada ya wiki mbili atayakuta yamejaa tena. Asipouliza zaidi, atakata shauri kwamba bahari hujaa mara moja kila wiki mbili. Kumbe maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, ila yeye hakuwepo kuyaona. Ndivyo ilivyokuwa kwa sayari hiyo: pengo la saa 24 kati ya kipimo na kipimo lilitengeneza mzunguko wa uongo.

Masahihisho hayo hayakuwa ya kitabuni tu. Sayari yenye mzunguko mfupi zaidi lazima iwe karibu zaidi na nyota yake, na kadiri inavyokuwa karibu ndivyo uwezekano unavyoongezeka wa kuiona ikipita mbele ya nyota hiyo na kuupunguza mwanga wake. Mwaka 2011 makundi mawili yalikwenda kutazama, moja likitumia setilaiti ya Kanada iitwayo MOST na jingine darubini ya Marekani ya Spitzer iliyokuwa angani. Yote mawili yaliiona. Kila baada ya saa 17 na dakika 41, mwanga wa Copernicus hupungua kwa sehemu kama 3 au 4 katika kila 10,000, kisha hurudi kama kawaida. Kama hesabu ya mwaka 2004 isingepitiwa upya, wangetazama katika nyakati zisizofaa.

Sayari moja baada ya nyingine

Herufi za sayari hizi hufuata mpangilio wa kugunduliwa kwake, si umbali wake. Tukizipanga kuanzia iliyo karibu zaidi na nyota, zinakuwa hivi:

Ya kwanza ni 55 Cancri e, au Janssen. Iko umbali wa kilomita milioni 2.3 tu kutoka kwa nyota. Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua letu, iko umbali wa kilomita milioni 58. Uzito wa Janssen ni takriban mara 8 ya uzito wa Dunia, na upana wake ni karibu mara 2. Mtu angeweza kusimama juu yake, angeona nyota yake ikiwa pana kiasi cha mara 60 kuliko tunavyoliona Jua.

Ya pili ni 55 Cancri b, au Galileo, ile iliyogunduliwa mwaka 1996. Huizunguka nyota kwa siku 14 na saa 16 hivi, ikiwa umbali wa takriban kilomita milioni 17. Ni sayari kubwa ya gesi.

Ya tatu ni 55 Cancri c, au Brahe. Mwaka wake ni siku 44, na umbali wake ni kilomita milioni 36 hivi. Uzito wake ni karibu nusu ya ule wa Zohali.

Ya nne ni 55 Cancri f, au Harriot, ile iliyotangazwa mwaka 2007. Huchukua takriban siku 260 kukamilisha mzunguko, ikiwa umbali wa kilomita milioni 117. Nayo ina uzito unaokaribia nusu ya Zohali.

Ya tano ni 55 Cancri d, au Lipperhey. Iko mbali kabisa na wenzake, na mwaka wake mmoja ni sawa na miaka 14 hadi 15 yetu. Uzito wake ni zaidi ya mara 3 ya Mshtarii. Kati yake na Harriot pana nafasi pana ambamo hakuna sayari iliyokwisha kugunduliwa. Sayari ndogo inaweza kujificha humo bila kuiyumbisha nyota kiasi cha kupimika kwa urahisi.

Ni vyema kufahamu kuwa, isipokuwa Janssen, uzito unaotajwa kwa sayari hizi ni wa chini kabisa unaowezekana. Njia ya kuyumba kwa nyota hupima tu mwendo wa kutujia na kutuacha. Ikiwa njia ya sayari imeinama kwa namna fulani, uzito wake halisi utakuwa mkubwa zaidi.

Almasi ya magazetini

Oktoba 2012, Nikku Madhusudhan, wakati huo akiwa katika Chuo Kikuu cha Yale, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu Janssen. Walisema kuwa uzito na upana wa sayari hiyo vinaweza kuelezwa ikiwa imeundwa kwa kaboni nyingi. Kwa kuwa joto na mgandamizo ndani ya sayari ni mkubwa mno, kaboni hiyo ingegeuka kuwa grafiti na almasi. Walikadiria kuwa angalau thuluthi moja ya uzito wa sayari ingeweza kuwa almasi, kiasi kinachotoshana na Dunia tatu hivi.

Magazeti hayakusubiri. Neno "ingeweza" lilidondoka njiani, na kufikia jioni "sayari ya almasi" ilikuwa imekwisha kuzaliwa. Wapo waliothubutu kuikadiria bei.

Lakini hoja nzima ilijengwa juu ya msingi mmoja: kwamba nyota ya Copernicus ina kaboni nyingi kuliko oksijeni, na kwamba sayari ilirithi hali hiyo. Mwaka 2013 Johanna Teske wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake waliipima upya nuru ya nyota hiyo. Walipata kwamba oksijeni ndiyo iliyozidi, kwa uwiano wa takriban atomu 8 za kaboni kwa kila atomu 10 za oksijeni. Hapo msingi wa hoja ukalegea. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na hadi leo bado wapo watu wanaoijua Janssen kwa almasi ile ambayo haijathibitishwa.

Hapana budi kusema kwamba Madhusudhan na wenzake hawakudanganya mtu. Walitoa pendekezo na kutaja masharti yake. Kosa lilikuwa la waliolisoma pendekezo kama tangazo.

Hewa juu ya bahari ya moto

Swali zito zaidi kuhusu Janssen ni hili: je, ina hewa? Sayari iliyo karibu hivyo na nyota yake hupigwa na mnururisho mkali usiokoma, na ilitarajiwa kuwa hewa yoyote iliyoanza nayo ingekuwa imepeperushwa zamani. Inaaminika pia kuwa upande wake mmoja huielekea nyota daima, kama vile Mwezi unavyotuonyesha uso mmoja tu. Upande huo una joto la kuyeyusha mawe, kwa hivyo kuna uwezekano mkubwa kuwa umefunikwa na bahari ya mawe yaliyoyeyuka.

Mwaka 2016 kundi lililoongozwa na Brice-Olivier Demory lilichapisha ramani ya joto ya sayari hiyo, iliyotayarishwa kwa vipimo vya darubini ya Spitzer. Ilionyesha tofauti ya zaidi ya nyuzi 1,000 kati ya upande wa mchana na ule wa usiku.

Kisha ikaja darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021. Kundi la Renyu Hu, mtafiti katika maabara ya JPL ya shirika la anga la Marekani, NASA, liliipima sayari hiyo ilipokuwa ikijificha nyuma ya nyota yake, na matokeo yakachapishwa Mei 2024. Lau sayari ingekuwa mwamba mtupu usio na hewa, upande wake wa mchana ungefikia nyuzi 2,200 hivi. Webb ilipima takriban nyuzi 1,540. Kuna kitu kinachoubeba moto huo na kuusambaza, na maelezo yanayoafiki zaidi vipimo ni kuwepo kwa hewa yenye kabonidioksidi au kabonimonoksidi.

Ikiwa ni hivyo, hewa hiyo haikubaki tangu mwanzo. Huenda inafuka kutoka katika bahari ile ya mawe, ikijazwa upya kadiri inavyopotea. Vipimo vingine vya Webb vilivyochapishwa mwaka huo huo viliongeza utata, kwani nguvu ya mnururisho wa sayari ilibadilika kati ya kipimo kimoja na kingine.

Jambo hili lina uzito hata kwetu. Dunia nayo inaaminika kuwa ilipitia kipindi cha kuwa bahari ya mawe yaliyoyeyuka. Hakuna shahidi aliyebaki wa wakati ule, na sayari kama Janssen ni miongoni mwa mahali pachache ambapo hali ya aina hiyo inaweza kuchunguzwa ikiendelea.

Je, kuna uhai?

Kwa Janssen jibu ni rahisi: uhai wa aina tunayoijua haungestahimili. Macho yameelekezwa kwa Harriot. Sayari hiyo imo katika ukanda ambamo joto la nyota lingeruhusu maji kubaki maji, yasigande wala kugeuka mvuke wote.

Hata hivyo, uzito wa Harriot, ambao ni takriban mara 45 ya Dunia au zaidi, unaashiria kuwa ni sayari ya gesi isiyo na ardhi ya kukanyaga. Matumaini ya baadhi ya wataalamu ni miezi. Mshtarii na Zohali ina miezi mingi, na mwezi mkubwa wa mawe ukiizunguka Harriot ungepata kiasi kinachofaa cha mwanga. Mwezi wa namna hiyo haujagunduliwa.

Majina na wenye majina

Mwaka 2015 Muungano wa Kimataifa wa Astronomia, ambao ndio wenye mamlaka ya kuidhinisha majina ya vitu vya angani, uliualika umma wa dunia kupiga kura. Kwa 55 Cancri lilishinda pendekezo kutoka Uholanzi. Nyota ilipewa jina la Nicolaus Copernicus, aliyefundisha kwamba Dunia hulizunguka Jua. Sayari nazo zikapewa majina ya Galileo Galilei, Tycho Brahe, Thomas Harriot, aliyeuchora Mwezi kwa kutumia darubini mwaka 1609, na watengenezaji miwani wawili wa Uholanzi waliohusishwa na uvumbuzi wa darubini, Hans Lipperhey na Zacharias Janssen. Jina la Lipperhey lilitangazwa kwanza kwa tahajia ya "Lippershey". Januari 2016 lilisahihishwa, baada ya kubainika kuwa herufi ya ziada iliingizwa kimakosa katika karne ya 19.

Wakenya nao wana fungu lao katika shughuli hii. Katika shindano la muungano huo la mwaka 2022, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2023, pendekezo la kundi kutoka Kenya lilishinda kwa nyota nyingine iitwayo GJ 1214, iliyo umbali wa miaka 48 ya nuru. Nyota hiyo nyekundu sasa inaitwa Orkaria, neno la Kimaasai lenye maana ya udongo mwekundu, na sayari yake inaitwa Enaiposha, yaani maji mengi yanayotapatapa. Neno hilo hilo ndilo chimbuko la jina la Ziwa Naivasha.

Ujumbe ulio njiani

Julai 6, 2003, antena yenye upana wa mita 70 iliyoko Yevpatoria, katika rasi ya Crimea, ilielekezwa kwenye nyota kadhaa na kurusha ujumbe wa redio kwa niaba ya wakazi wa Dunia. Mojawapo ya nyota hizo ilikuwa 55 Cancri. Wakati huo zilijulikana sayari zake tatu tu, na Harriot haikuwa miongoni mwazo.

Wapo waliolipinga wazo hilo tangu mwanzo, wakihoji ni nani aliyewapa watu wachache idhini ya kuisemea Dunia nzima. Wengine walijibu kuwa mawimbi ya redio na runinga yamekuwa yakivuja angani kwa miongo mingi, na kwamba hatuna siri tena. Mjadala huo haujapata hakimu, lakini ujumbe hauwezi kurudishwa.

Sasa umekwisha kupita nusu ya safari. Utaifikia nyota hiyo mwaka 2044. Endapo atakuwepo wa kuupokea na kuujibu papo hapo, jibu lake litatufikia mwaka 2085. Watoto walio katika shule za msingi hivi leo watakuwa wazee wakati huo, nao ndio watakaosikiliza. Kabla ya hapo, kuna kazi ambayo haihitaji kumsubiri yeyote: kuzipima upya sayari hizo tano, na kuikagua kila hesabu ambayo leo tunaiona kuwa imekamilika.